Kwaya Iliyorudi Nusu

Jumapili iliyopita kanisani walitangaza kwamba kwaya itakwenda Uganda, kuhubiri na kuimba, na wanaotaka kusafiri wainue mkono. Vijana waliinua mikono yote miwili. Yangu ilibaki juu ya magoti. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye benchi akanigusa bega: "Na weye je? Si unajua kuimba?" Nikamwambia nimechoka. Alidhani ni kazi za wiki. Wewe nitakueleza, maana uchovu huu nilianza kuujua utotoni, katika safari nyingine ya namna hiyo hiyo.

Mama yangu aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu hapa Bunia, ng'ambo ya ziwa ukitoka Uganda. Baba alikuwa ameshafariki, tukabaki watatu nyumbani: mama, mimi, na nyanya yangu mzaa mama, tuliyemwita koko. Mazoezi yalikuwa alasiri, watu wakishatoka sokoni na shambani, na mama alikwenda mikono ikinuka sombe, majani ya muhogo aliyotoka kutwanga. Mimi nilimfuata nikakaa kwenye mkeka. Kiongozi wa kwaya, ambaye kila mtu alimwita maestro, alikuwa na tabia ya kukatisha wimbo katikati na kuuliza, "Sauti ya kwanza, munakimbia wapi? Mungu iko hapa hapa." Watu walicheka mpaka wakasahau njaa. Aliyeongoza sauti ya pili alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi. Darasani nilimwogopa. Kanisani nilimpenda, kwa sababu akiimba alifumba macho, na mtu aliyefumba macho hawezi kukuona unachezea mkeka.

Mwaliko ulipofika kutoka makanisa ya Uganda, wanawake walishona sare za kitenge kimoja cha buluu, na koko akakaanga karanga za njiani siku nzima. Mama alinichukua kwa kuwa koko alikuwa amezeeka, hangeweza kunikimbiza. Tulipanda lori mpaka Mahagi-Port, vumbi jekundu likituingia kooni, nami nimepakata kibidoni cha chai ya tangawizi ya kulainisha sauti. Pale bandarini harufu ya samaki wakavu ilituganda kwenye nguo. Ngoma zilifungwa ndani ya plastiki kama watoto wachanga, tukaingia kwenye mashua ya moteri, na wanawake wakaimba ziwa zima ili wasiogope maji.

Mwanzoni ilikuwa sikukuu. Tulipewa ndizi za kuponda na mchuzi wa karanga, tukapigiwa makofi na watu wasiojua maneno yetu. Lakini kila kanisa lilikuwa na barabara yake, na kila barabara na mashimo yake. Tulilala sakafuni katika madarasa. Sauti zilikauka, miguu ya mama ikavimba, na kitenge cha buluu kikaanza kupauka kwa kufuliwa na kuvaliwa kibichi.

Asubuhi tuliyotakiwa kuimba katika kambi ya wakimbizi, simu ya maestro ililia. Aliisikiliza, kisha akatuambia kwamba vita vimerudi upande wa Bule, si mbali na nyumbani, watu wameanza kukimbia tena, wanaingia Bunia na magodoro kichwani. Tulivaa, tukaenda kuimba.

Tulipofika kwenye kiitikio, mtu akapokea sauti ya pili kutoka nyuma ya umati. Aliimba bila kukosea, pumzi alivuta pale pale alipovuta mama. Mama akaacha kuimba. Aliyeipokea sauti alikuwa jirani yetu wa Bunia, aliyekuwa zamani katika kwaya hiyo hiyo, aliyetoweka wakati wa matatizo, vile vita vya kwanza, na ambaye koko alikuwa akimwombea kama marehemu. Walishikana katikati ya wimbo, na maestro akaacha wimbo uendelee.

Mchana tulikula maharagwe mlangoni pa jirani huyo. Hakuzungusha maneno.

"Yaya, dada yangu, mubaki. Huku siye tunalala usingizi. Kule munarudia nini?"

"Mama yangu iko kule," mama akajibu. "Nani atamuchotea maji?"

"Utamuita akuje."

"Na miguu gani?"

Jirani akamwongezea maharagwe.

Siku ya kuondoka, lori likiwa limeshawashwa, mwalimu wangu alishusha begi lake. Wengine walishusha pia, karibu sauti ya pili yote. Maestro hakumgombeza mtu. Alimshika kila mmoja mkono, kisha akapanda mbele kwa dereva. Mwalimu akanifuta vumbi usoni na kitambaa chake cha kichwa. "Uendelee kusoma, sikia?" Nilimvuta mama kitenge: "Siye pia tubaki!" Alinipandisha kwenye lori. Katika mashua hakuna aliyeimba. Mama alilala ziwa zima, mdomo wazi, kichwa chake kizito juu ya bega langu dogo.

Tulimkuta koko hai, amekaa mlangoni, uani kumejaa familia zilizokimbia na masufuria yao. Jumapili kwaya iliimba, na kutoka kanisani koko akauliza, "Mbona wimbo umekonda hivi?"

Haukunenepa tena. Mama aliimba sauti ya pili peke yake kwa miaka, akishindana na wote. Mwalimu wangu hakurudi. Jirani alituma salamu, kisha salamu zikakatika. Maestro amekufa, na siku hizi kwaya ina kinanda cha umeme, vijana wote wanaimba sauti ya kwanza, kwa nguvu, na sijui nianzie wapi kuwaambia kwamba chini ya nyimbo zao kulikuwa na sauti nyingine.

Mama alipokuwa mgonjwa, nilimuuliza kama alijutia kupanda lile lori.

"Nilirudi sababu ya koko," akasema, "na koko alikufa mu mikono yangu, vizuri. Ile sijuti." Akavuta shuka hadi kifuani. "Lakini kuimba peke yangu, mutoto wangu. Ile ndiyo ilinichokesha."