Feni ya Injinia

Nyumba ile ilikuwa na feni moja, nayo ilikuwa ya Injinia. Si kwamba aliinunua yeye, thubutu. Aliyeinunua ni dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima, na hata mama yake mzazi, humwita Dada tu. Aliinunua kwa ajili ya mama yao, mgonjwa wa kifua anayehangaika kuvuta pumzi kila chumba kinapopata joto. Feni ilikaa kwa mama siku mbili tatu hivi. Injinia akaja, akasema kompyuta yake inachemka, akaichomoa ukutani na kwenda nayo chumbani kwake. Dada alipofungua mdomo, mama akamwahi kutoka kitandani: mwache mtoto, ana kazi.

Mtoto mwenyewe ana kitambi, na upara umeshaanza kuchungulia utosini.

Tumpe haki yake, ingawa inauma: kazi anaijua. Anaandikia kampuni ya mbali programu za kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta, unaoamua nani apewe nini na kwa muda gani. Humo ndani ana kijisehemu chake kimoja, kile kinachoiruhusu prosesa, ubongo wa mashine, ikimbie kwa muda kupita mwendo ulioandikwa kwenye boksi lake. Ni kijisehemu tu, lakini kilimvimbisha kichwa mpaka kofia zikamkataa. Msibani alikieleza. Kwenye foleni ya maji alikieleza. Fundi seremala aliyekuja kurekebisha kitasa alisimamishwa mlangoni na nyundo yake mkononi, akaelezwa, akaondoka bila kurekebisha chochote.

Akiwa anapima kazi yake, nyumba nzima huishi kwa kunyata. Pasi isichomekwe, umeme utayumba. Redio izimwe, mawazo yatatawanyika. Dada huingia na chai, naye hunyoosha kidole kumwonyesha pa kuiweka, bila kugeuza shingo. Vikombe vya juzi vinabaki pale pale mezani vikiota ukungu mpaka Dada avifuate, maana jitu zima lile, tangu lizaliwe, halijawahi kuosha hata kijiko. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa kama yai.

Baba yao alipofariki, ada ilitosha mtu mmoja. Dada, aliyekuwa madarasa mawili mbele na hakuwa mjinga hata kidogo, akaambiwa apumzike kwanza. Ndugu yao wa kati naye akapumzishwa, akashika mwiko wa uashi, na mpaka leo anajenga nyumba za watu huko aliko. Dada akaenda kufua nguo za watu. Kupumzika kwenyewe ndiko huko. Hilo Dada angelisamehe, kwa kuwa shida haina adabu. Kilichomkaa kooni ni kumsikia Injinia akiwaambia wageni, mguu juu ya mguu, kwamba amefika alipofika kwa juhudi zake mwenyewe.

Sasa Dada alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi msaidizi, masomo ya asubuhi, yanaanza Jumatatu. Chuo kilimwambia wazi kwamba asipoonekana siku hiyo kiti chake anapewa mwingine, na kwa umri wake hakitakuwepo kingine. Alihitaji kitu kimoja tu: asubuhi awepo mtu wa kumpa mama dawa, kumgeuza na kumpa maji. Injinia anashinda nyumbani kutwa. Dada akamwomba kwa upole, kwa maneno aliyoyapanga kichwani siku nzima. Injinia akamjibu akiwa ameikodolea macho skrini kwamba kazi kama yake haitaki kukatizwa, na kwamba afadhali Dada asubiri mwakani. Mama naye akaongeza kwamba si vizuri kumchosha mwenzio mwenye akili. Dada akaenda kuosha vikombe.

Jumapili Injinia akawa na shughuli kubwa zaidi ya siku zote. Mabosi wake walimtaka awaeleze kazi yake kwa lugha nyepesi, lugha ambayo hata mtu asiyejua kitu angeielewa, na mtu wa namna hiyo alimpata bila kuhangaika. Akamwita Dada chumbani kwa mama, akasimama mbele yao na shati jeupe na tai kwa juu, bukta ya kulalia kwa chini, akaanza mazoezi.

"Prosesa ina vichwa vingi," alisema. "Vyote vikifanya kazi, kila kimoja kinakwenda mwendo wake wa kawaida. Lakini vingine vikilala, umeme wao unabaki, ubaridi wao unabaki. Hapo kerneli inakiruhusu kichwa kimoja kivichukue vyote, kikimbie kupita kiwango chake."

Dada alikuwa anamfuta mama jasho. Mkono ukasimama.

"Na hicho kinachokimbia," aliuliza, "kinajua kwamba kinatumia vya wenzake?"

Injinia akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kitajuaje, Dada? Chenyewe kinakimbia tu."

"Na waliolala wakiamka?"

"Kinashuka. Kinarudi kwenye mwendo wake."

"Hakifi?"

"Kife kwa nini? Huo ndio mwendo kiliotengenezewa. Ule mwingine ni wa kuazima." Akafurahi mno, akasema maelezo yake kweli ni mepesi ikiwa hata Dada ameelewa, akatoka na tai yake kwenda kujitazama kwenye kioo. Mama alibaki anamtazama binti yake, kisha akageuza uso ukutani.

Jumatatu asubuhi Dada aliamka, akavaa sare, akachomeka pasi aliyokatazwa kuichomeka na kuinyoosha kola vizuri. Kisha akaingia chumbani kwa Injinia bila kubisha hodi, akachomoa feni, akaibeba hadi kwa mama na kuielekeza kitandani. Dawa alikuwa ameshazipanga kwenye kiti. Injinia akatoka mbio na bukta yake, nywele chache alizobakiza zimesimama.

"Dada, nina majaribio! Mashine itashuka kasi!"

"Ishuke," alisema Dada, akivaa viatu. "Jana ulisema haifi."

Akafunga mlango, akaenda zake.

Injinia akamgeukia mama, kama alivyozoea kumgeukia tangu anatambaa, akingoja atetewe. Mama alikuwa amefumba macho, upepo unampiga usoni, kifua kinapanda na kushuka taratibu kama hakijapata taabu siku yoyote. Injinia akamwambia kwamba Dada amekosa adabu, kwamba amwite kabla hajafika mbali.

"Niletee maji kwanza," alisema mama. "Halafu uje unigeuze."

Injinia akaenda jikoni, akasimama katikati, akafungua kabati moja, akalifunga, akafungua jingine. Katika nyumba aliyozaliwa, bingwa yule hakujua vikombe vinakaa wapi.