Kilo Mbili za Zadock Amolo

Wanaojua ngumi, na wasiojua wanyamaze kidogo, watakwambia Zadock Amolo wa Asembo Bay hakuogopa mtu yeyote mwenye mikono miwili. Aliingia jeshini mwaka 1981 akitoka kubeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, shingo pana kama mlango wa ghala, na kwa miaka minane akawalaza mabondia wa uzito wa juu wa kambi moja baada ya nyingine. Kilichokuja kumtetemesha hakikuwa hata na mikono. Kilimsubiri katika ukumbi wa Kaloleni, Kisumu, Jumamosi asubuhi mwaka 1989: mizani.

Uzito aliopigania ulikuwa na mwisho, kilo tisini na moja. Sindano ikapita hapo bila hata kusalimia, ikasimama tisini na tatu.

"Amolo," akasema Sajini Wepukhulu, kocha wake, kwa sauti ya chini. Afadhali angepiga kelele. "Alhamisi kambini ulikuwa tisini na nusu. Umemeza nani?"

"Jana nilipitia nyumbani, sajini. Ni samaki tu."

"Samaki pamoja na mwenye wavu?"

Ukweli ni kwamba baba yake Amolo alikuwa na wake watatu. Katika boma kama lile, ukila kwa mama yako mzazi lazima ule kwa mikayi, yaani mke mkubwa, na kwa yule mdogo pia, ama itasemwa umemshuku kwamba anatia sumu. Amolo alipanga kuonja tu. Nani aliwahi kuonja ugali wa Asembo? Kila mama aliketi mbele yake akiyatazama matonge yakishuka.

"Mama watatu!" Wepukhulu akashika kichwa aliposimuliwa hayo. "Ulishindwa kuzaliwa na mmoja kama sisi wengine? Vaa kabuti!"

Ilikuwa saa mbili na nusu. Mizani ingefungwa saa nne. Mshindi wa siku hiyo angeitwa timu ya taifa. Amolo alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mkubwa wake kambini alishamwambia kwamba asipoitwa safari hii, glavu arudishe stoo, ashike usukani wa lori mpaka astaafu.

Akakimbia. Suti mbili za mazoezi, juu yake kabuti la baridi, jua la Kisumu likimchoma kisogo, Wepukhulu nyuma kwa baiskeli akifoka, "Tema mate! Usimeze!" Wauza mitumba wakapiga mbinja. Mama mmoja akauliza, "Bwana, huyo ni mwizi ama ni mgonjwa?" Kufika barabara ya ziwani mate yalikuwa yamekwisha, na Amolo aliyaona maji yale yote, ziwa zima, asiruhusiwe hata funda.

Saa nne kasoro dakika tano akapanda tena. Tisini na moja na robo. Akavua bukta, wakamzungushia taulo bila kumgusa, akatoa pumzi yote. Sindano ikatikisika, ikarudi, ikatulia juu ya mstari.

"Amepita," akasema karani.

Lakini kila alichokunywa baadaye alikitapika. Saa kumi jioni, kengele ilipokaribia, alipanda ulingoni akijivuta kwa kamba. Mpinzani wake, Waliaula, alijulikana kwa kuanza polepole na kuwamaliza watu raundi ya tatu.

"Sajini, raundi ya tatu sina," Amolo akanong'ona. "Hata ya pili."

"Basi usiifikie."

Akatoka kwenye kona kama mtu aliyeibiwa. Waliaula, aliyezoea kuchunguzana kwanza, akapokea tatu za mbavu kabla hajapanga miguu. Akaenda chini, akainuka hesabu ya nane, akajibu kwa ngumi iliyouzima ukumbi masikioni mwa Amolo. Raundi ya kwanza ilibakiza nusu dakika. Amolo akashusha mkono wa kushoto makusudi, akamwonyesha kidevu. Waliaula akakifuata. Mkono wa kulia ukamkuta njiani.

Mwamuzi akahesabu mpaka kumi, na Amolo, glavu juu ya kamba, alihesabu naye kimoyomoyo akiomba asiinuke.

Ukumbi ukalipuka. Wepukhulu akaruka ulingoni, akamkumbatia.

"Taifa, Amolo! Umeenda taifa!"

"Nishike hivyo hivyo, sajini," akasema Amolo, akicheka kwa ajili ya watu. "Ukiniachia, watadhani ni mimi niliyepigwa."