Ile ya Kupanda

Mama yangu anaishi Msimbu, Kisarawe, kwenye shamba aliloachiwa na baba. Mimi naishi Kibaha na kazi yangu ni ya ofisini. Nyonga ya mama ilipoanza kugoma nilimwandalia chumba. Nilikipaka rangi, nikatundika pazia la kijani, nikatafuta kitanda kifupi asipate taabu ya kupanda. Kaka yangu, ambaye tumezaliwa naye wawili tu, aliniunga mkono. Mama hakukubali wala hakukataa.

"Mwaka nitakaoshindwa kupanda shamba langu mwenyewe," alisema, "njooni mnichukue."

Anayepanda kwa jembe anajua maana yake. Unachimba kishimo, unadondosha mbegu, unafukia kwa mguu, unainama tena. Nyonga ile isingemaliza hata mstari mmoja. Nikajihesabia kwamba masika yale mama ni wangu, nikaenda Msimbu kumsaidia kufungasha.

Kwenye banda la kuku, mavi yamegandamana juu yake, nilikuta dude la chuma tulilokuwa tukilichezea utotoni. Lilikuwa na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, kopo la bati katikati, na mikono miwili ya mbao iliyokwisha kuliwa na mchwa. Nilimtumia kaka picha. Akajibu kwamba ni toroli, tena bovu. Nikamwuliza mama.

"Si ile ya kupanda ya baba yenu."

Nilicheka hadi kuku wakatawanyika. Jibu hilohilo ndilo lililotuponza tukiwa wadogo. Baba alisema ni ya kupanda, nasi tukapanda. Mmoja alikaa juu ya kopo, mwenzake akasukuma, na kila tulipobwagwa tulimlaani aliyeitengeneza akasahau kuweka kiti. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na kichwani mwangu kitu kile kilikuwa bado ni baiskeli.

"Ya kupanda nini, mama?"

"Mahindi. Ulidhani nini, mlima?"

Akaeleza kwamba baba aliitumia bara, akaja nayo tulipohamia Pwani, lakini shamba la hapa lilikuwa na visiki vingi, akaiweka kando. Visiki vilishaoza zamani. Alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya banda, anasema huku anaiangalia. Mtu anaisukuma amenyooka, alisema, haina haja ya kuinama. Hapo tukatazamana. Nilitamani mnunuzi wa vyuma chakavu apite dakika ileile aichukue.

Hakupita. Basi nikaipakia kwenye gari nikaenda nayo Kibaha, maana mama aliniomba, na mama yangu si mtu wa kuomba.

Niliikwangua uani kwangu, nikaziloweka nati kwa dizeli, nikaipigapiga na kuitukana. Fundi baiskeli alinipa mnyororo uliokaa sawasawa kwenye meno ya gurudumu, seremala akanichongea mikono ya mninga. Lakini nilipofungua kopo la mbegu, chini yake palikuwa patupu. Gurudumu lilizungusha kijino ambacho hakikuwa na cha kuzungusha. Nikampigia mama, nikamwuliza kama aliwahi kuona kisahani cha chuma chenye matundu pembeni, cha kudondoshea mbegu.

"Mtungi wangu wa maji umekaa juu yake," akasema.

Nilikifuata kisahani hicho, nikakisugua kikang'aa, kisha kwa ufundi wangu nikakipaka rangi ya buluu pamoja na mashine nzima. Nilijiona bingwa.

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo, niliirudisha Msimbu. Kaka naye alikuja, nadhani kushuhudia mama anavyoshindwa. Tulijaza mahindi kwenye kopo, mama akashika mikono, akasukuma. Kisu kilicho nyuma ya gurudumu kubwa kilichana udongo vizuri, gurudumu la nyuma likashindilia. Nikafukua mstari kwa kidole. Hapakuwa na hata punje moja.

Moyo uliniruka kwa furaha, na sioni sababu ya kuificha. Mama alimwaga mahindi kwenye khanga, akatoa kisahani, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Umekipaka poda hadi matunduni," alisema. "Punje itapita wapi?"

Akaketi kwenye kigoda, akaanza kukwangua rangi kwa kisu cha jikoni, tundu moja baada ya jingine. Ningeweza kumwacha peke yake. Nilichukua kisu kingine nikakaa kando yake.

Safari ya pili nilifukua tena. Punje zilikuwa zimelala kwenye udongo, zimeachana vizuri. Mama alikuwa ameshafika mbali. Alikwenda polepole, anachechemea, mgongo umenyooka, na alipofika mwisho wa shamba kaka alikimbia kumsaidia kugeuza. Akamfukuza kwa mkono, akageuza mwenyewe, akaanza mstari wa pili akija kwetu.

"Haya, wenye haraka ya kurudi mjini mwende," alisema alipotufikia. "Mimi ninapanda."

Mahindi yalipokauka alinitumia gunia. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta pa kuliweka pasipo na panya, na mwisho nikaliweka kwenye chumba chake, juu ya kitanda kile kifupi.