Kiitaliano cha Dada

Dada yangu hushona mapazia, mimi hupiga pasi. Mchana, jua linapopenya vitambaa tulivyotundika, chumba chetu kizima hubadilika, mara buluu, mara rangi ya chungwa, na sisi tuliomo tunakuwa kama watu wa ndotoni. Hapo ndipo dada alipoanza kuzungumza Kiitaliano na cherehani.

Usicheke. Binti yake ameolewa Italia, na mtoto wao, nasema bila kuficha, wamemlea kwa lugha ya baba tu. Kila Jumapili wakipiga simu ya video, mtoto alimtazama bibi yake akitabasamu bila neno, kisha akakimbilia midoli yake. Kumfuata huko haiwezekani. Daktari amemkataza dada kupanda ndege kwa sababu ya moyo. Basi alitaka kitu kimoja tu: mtoto asikimbie simu.

Masomo aliyapata kwenye simu, yakifundishwa kwa Kiingereza. Kiingereza cha shule tunacho, lakini hakikutufaa sana. Kwa Kiingereza dirisha ni dirisha, basi. Kiitaliano kinataka kujua ni la kike au la kiume.

"Pazia mwanamke," dada ananong'ona, mguu ukikanyaga taratibu. "Dirisha mwanamke. Uzi mwanaume. Sindano mwanaume."

"Ndiyo maana inachoma halafu inapotea."

"Hebu niache nisome, wewe."

Cherehani kikavuma, maneno yakaelea juu ya vitambaa, na mimi na pasi yangu nikajikuta niko mbali, kwenye behewa la treni, mashamba yakipita. Dada alikuwa amechagua masomo ya wasafiri, kwa kuwa msemaji wake alitamka polepole. Nilimwambia mtoto wa miaka mitano hana haja na tiketi. Akanirushia kipande cha kitambaa.

Jumapili akakaa wima mbele ya simu, akatoa sentensi nzima bila kukwama. Mtoto akaduwaa, kisha akaangua kicheko na kusema kitu.

"Anasemaje?" dada akamuuliza binti yake, uso umemshuka.

"Mama, anasema unaongea kama yule mwanamke anayetangaza treni stesheni. Anataka uendelee."

Weee! Dada akatangaza. Treni hii inaondoka, ile imechelewa, abiria kaeni tayari. Mtoto kapanda juu ya kiti, nusura aingie ndani ya simu. Nilifurahi mpaka nikalia, nikaunguza pindo la pazia la mteja, wala sikujali.

Kisha mtoto akauliza swali, na nikaona usoni kwa dada kwamba ameelewa kabla ya kutafsiriwa.

"Anauliza treni yako inafika lini," binti yake akasema, kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Presto," dada akajibu. Maana yake, hivi karibuni.

Mtoto akaruka kutoka kitini, akakimbia. Tulimsikia huko ndani akitafuta viatu vyake.