Mkanda wa Mechi ya Mwisho

Miaka ile televisheni zilipoanza kuingia kwa wingi, mechi za mtoano za mpira wa kikapu wa Marekani zilitufikia mtaani kwetu Mafiga kwenye mikanda ya video, kwa basi kutoka Dar, zikiwa zimeshachezwa siku nyingi. Kila Jumapili nilizitazama kwangu na mwenzangu wa kiwandani, mtu wa Tabora. Mwiko wetu ulikuwa mmoja: aliyeshajua matokeo asimwambie mwenzake.

Yeye alipenda wafungaji. Mimi nilipenda ulinzi, yule mchezaji anayesogeza miguu bila kurukia mpira, mpaka mshambuliaji anakosa pa kupita.

"Bwana wewe," alinicheka, "ukialikwa harusini utakaa umtazame mlinzi wa geti!"

"Bila yeye ubwabwa wote wangekula wazamiaji," nilimjibu.

Mkanda wa mechi ya mwisho ulifika mwenzangu akiwa zamu. Sikumngoja. Niliutazama peke yangu, nikaona ulinzi umeshinda, na kwa majivuno nikamfuata kwenye geti la kiwanda kumwambia.

"Sasa Jumapili tutatazama nini?" aliniuliza.

Jumapili hiyo hakuja. Mwezi uleule kiwanda kiliuzwa, akapunguzwa kazini, akarudi kwao kabla sijamwomba radhi.

Siku hizi mechi huonyeshwa moja kwa moja, na hakuna wa kuniharibia. Lakini mlinzi akimzibia mfungaji njia, bado nageukia upande aliokuwa akikaa, nikingoja anicheke.