Wavu Haujivuti Wenyewe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, boti mbili zimeshafunga kamba kwenye gati la Cua Son, na Bi Huynh Thi Suong ameshaketi mchangani, wavu umemfunika miguu hadi kiunoni. Ameunasa kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, ameukaza, anatafuta jicho la wavu lililochanika. Sindano ya mwanzi inaingia, inatoka, fundo linakaa. Hatazami mkono wake.

Hatua kumi mbele yake, pembe ya pili ya wavu imefungwa kwenye nondo iliyopigiliwa chini. Nondo hiyo ina karibu mwaka. Kabla yake, hapo alikuwa akiketi mtu.

"Hapo ni pa wifi yangu," anasema Suong. "Muulize yeyote. Ila usimuulize yule mpiga picha, maana yeye atakwambia hapo ni mchanga mtupu."

Suong ana miaka hamsini na sita na ametengeneza nyavu tangu akiwa na kumi na minane. Boti zikirudi na nyavu mbovu, hupata dong laki mbili na elfu ishirini kwa siku. Bahari ikichafuka, hapati kitu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena.

Wifi anayemtaja ni Phan Thi Lieu, dada wa marehemu mumewe. Lieu hakuolewa wala hakuzaa. Wawili hao waliishi ua mmoja miaka thelathini, na kwa mujibu wa majirani, hawakuwahi kumaliza siku bila kuzozana: mchuzi wa samaki umezidi chumvi, kuku wa nani amekula mche wa nani. Mume wa Suong alipofariki, watu walidhani angerudi kwao. Lieu ndiye aliyesimama mlangoni.

"Aliniambia, 'Ukiondoka, mimi nitagombana na nani?'" anasema Suong. "Basi. Hayo ndiyo maneno yake ya kunifariji. Nikabaki."

Mwezi wa nne mwaka jana alifika mgeni kutoka Hanoi, Doan Khai, na kamera mbili shingoni. Alikuta wanawake tisa wakishughulikia wavu mmoja mkubwa. Aliwapa katoni moja ya tambi wagawane, akawaomba jambo dogo: wafungue vitambaa usoni.

Wanawake wa Cua Son hufunika uso kwa sababu ya jua, hata watoto wao huwatambua kwa macho na mwendo. Lieu alikuwa mkali kuliko wote katika hilo. Simu ikielekezwa kwake, anageuza mgongo. Siku ile alifungua.

"Nilimtania, 'Leo wifi anatafuta mchumba,'" anakumbuka Suong. "Akanijibu, 'Nyamaza, mafundo yako kama meno ya babu yangu, moja huku moja kule. Acha watu waone nani anafanya kazi hapa.' Tukacheka wote. Mgeni akapiga."

Mgeni aliahidi kurudisha picha, kila mtu na yake. Hakuacha namba ya simu.

Miezi minne baadaye, Lieu aliangukia palepale pembeni mwa wavu, sindano mkononi. Hakufika hospitali.

Hapo ndipo shida iliyomleta Suong mbele ya watu ilipoanzia. Nyumba isiyo na picha ya marehemu juu ya meza ya udi, pale wafu wanapoandaliwa chakula na kukumbukwa, ni nyumba iliyomfungia mtu wake nje. Suong alitafuta. Hakuna harusi ambayo Lieu alipigwa picha, hakuna sikukuu. Kilichopatikana ni kitambulisho tu, chenye picha ndogo kuliko ukucha wa gumba. Aliipeleka kwa fundi sokoni aikuze.

"Ikatoka ukungu wenye macho mawili," anasema. "Nikamuuliza fundi, huyu ni wifi yangu au ni mvuke wa sufuria? Hata yeye aliona haya. Hakunitoza."

Fremu aliyonunua ikakaa tupu. Kila jioni Suong aliwasha udi mbele ya kioo na kadibodi.

Ndiyo maana, miezi miwili iliyopita, mchuuzi wa samaki alipokuja mbio akipiga kelele kwamba wamekuwa maarufu, Suong alifurahi kuliko wote. Picha ya mgeni imeshinda Tuzo ya Taifa Katika Picha, ambayo mwaka huu ilihusu jamii. Picha imeitwa "Uzi Mmoja". Zawadi, dong milioni sitini. Suong hakuuliza habari za milioni. Aliosha mikono, akakivuta karibu kioo cha simu ya mchuuzi, akaanza kumtafuta Lieu.

"Nilihesabu. Wanane. Nikasema labda simu ni ndogo. Nikahesabu tena kwa kidole. Tot, Min, Hanh, mimi... wanane."

Mahali pa Lieu palikuwa na mchanga mweupe, msafi, na mtumbwi wa duara ambao siku ile ulikuwa umefungwa kule gatini. Wenzake walimwambia labda hii ni picha nyingine, labda Lieu alikuwa amekwenda kunywa maji. Suong aliwaonyesha kitu kimoja tu. Upande wa kushoto wa picha wavu umeinuka toka chini kufika usawa wa goti, macho yake yamevutwa yakawa marefu na membamba, kama yanavyokuwa pale mtu anapoukaza kwa kidole cha mguu. Ila hakuna mguu. Wavu umejikaza wenyewe, unaelekea kwenye hewa.

Waamuzi watano kutoka mji mkuu hawakuliona hilo. Wanawake wa Cua Son waliliona kabla chai haijapoa.

"Walimtoa yeye, wakasahau kutoa nguvu zake," anasema Bi Tot, ambaye kwa miaka ishirini huketi kulia kwa Suong.

Tot ana mzaha wake. Katika picha hiyo chunjua iliyo kidevuni mwake imepotea. Siku ya kwanza alisema hamlaumu kijana, maana amempunguzia miaka kumi. Suong alimgeukia: "Wewe kakutoa chunjua, unacheka. Wifi yangu kamtoa mzima mzima!" Tot anasema tangu siku hiyo hakuitania tena picha ile.

Maonyesho ya washindi yalipofika wilayani, wanane wale walialikwa wasimame jukwaani, wavae nguo za rangi moja, wapewe maua. Walikwenda. Lakini walibeba pia wavu, wameukunja kwenye kapu la samaki, na ulinuka hivyo hivyo.

Picha ilitundikwa ukutani, pana kama mlango wa ghala. Chini yake waamuzi wameandika: "Jamii isiyomwacha mtu."

Suong anasema aliyasoma maneno hayo mara tatu.

Doan Khai alimwona, akamjia kwa mikono miwili na heshima zote. "Shangazi! Mmependeza!"

"Wifi yangu yuko wapi?"

"Nani, shangazi?"

"Aliyekaa hapa. Uliyemfungulisha kitambaa."

Kijana alitazama nyuma kuona nani anasikia. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba bibi yule alivaa shati jekundu lenye tangazo la chakula cha nguruwe, maandishi makubwa kifuani, na jicho la mtazamaji lilikuwa linakimbilia huko. "Ni sanaa tu, shangazi. Niliusafisha upande ule. Sikumaanisha ubaya."

"Ulimsafisha," alisema Suong.

Aliwaita wenzake, wakamwaga wavu katikati ya ukumbi, juu ya zulia, mbele ya viti vya wakubwa. Wanane waliketi kama wanavyoketi kwenye picha, kila mmoja mahali pake. Mahali pa tisa wakapaacha. Wakavuta. Upande wa kulia ukakazika. Upande wa kushoto ukalala chini kama mkia wa mbwa mgonjwa.

"Haya," Suong alimwambia mpiga picha, na ukumbi mzima ulimsikia. "Uambie wavu ujivute. Uambie kama ulivyouambia kwenye kompyuta."

Mzee mmoja wa safu ya nyuma alicheka kwa sauti. Wengine hawakucheka. Ofisa wa tuzo, aliyekuja na hotuba mfukoni, aliinama juu ya picha pua ikagusa kioo, kisha akauliza kwa upole kama mpiga picha anayo picha ya awali. Kanuni zinakataza kumwondoa mtu.

Siku tatu baadaye Doan Khai alipiga hodi kwa Suong, na sanduku la biskuti. Picha ya awali anayo. Aliionyesha kwenye simu yake, akiishika yeye mwenyewe: Lieu, uso wazi, mdomo umefunguka katikati ya tusi, shati jekundu linawaka. Suong aliuona uso huo kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha kijana akatoa karatasi ya kupeleka ofisi ya tuzo ili asinyang'anywe ushindi. Kama shangazi atatia sahihi kwamba marehemu mwenyewe aliomba asionekane, yeye atasafisha uso ule vizuri, ataukuza, ataleta na fremu ya mbao nzuri.

Kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha Lieu ilikuwa imebaki wiki tatu.

Tot alikuwepo, na hafichi alichosema. "Nilimwambia, tia sahihi. Karatasi ni karatasi. Wifi yako apate uso, ale kwa amani."

Suong aliirudisha karatasi, na biskuti.

"Mara ya kwanza walimtoa bila kumuuliza," anasema, na sindano yake inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Nikitia sahihi, mara ya pili nitakuwa nimemtoa mimi. Mtu aliyekaa siku nzima akiwavutia wenzake wavu, aseme hataki kuonekana? Na kalamu nimeshika mimi?"

Ofisi ya tuzo imesema malalamiko yanashughulikiwa. Hadi gazeti hili linakwenda mitamboni, "Uzi Mmoja" ilikuwa bado inatundikwa wilaya hadi wilaya. Doan Khai hakupokea simu zetu.

Kumbukumbu ni Jumapili ijayo. Suong ameshaagiza samaki, na anapanga kuujaza ua mzima, kuanzia mabaharia hadi wachuuzi na mtendaji wa kata. Nguo za Lieu zilichomwa kama desturi inavyotaka, ila moja ilisalia kwa sababu ilikuwa imefungia sindano kapuni. Ni lile shati jekundu. Suong amelifua na kulikunja ili maandishi ya chakula cha nguruwe yatokeze mbele. Ndilo litakalowekwa ndani ya fremu.

"Yeyote atakayeuliza picha iko wapi, nitamtajia jina la mtu aliyenayo," anasema. "Mwaka huu, mwaka ujao, mpaka ailete, na ailete bila karatasi."

Anaukaza tena wavu kwa kidole cha mguu. Mmiliki wa boti amewahi kumwambia aweke msichana mpya kwenye ile pembe, kazi iende haraka. Suong alikataa. Nondo, anasema, itang'olewa siku ile uso utakapofika nyumbani.