Gundi ya Sigara Mbili

Maseremala wenzake walimwita Mbili, na jina lilimkaa hata wateja wakadhani ndilo alilopewa na wazazi. Lilitokana na jinsi alivyopima gundi. Fundi aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alikuwa akishabana kiungo cha kiti anawasha sigara, anaivuta taratibu, anapumzika kidogo, anawasha ya pili. Ya pili ikiisha, vibanio vinafunguliwa. Mwanafunzi wake aliiga kila kitu: randa, msumeno na moshi. Kwa miaka thelathini mteja akiuliza kiti chake kitakuwa tayari saa ngapi, jibu lilikuwa moja tu. Angoje sigara mbili.

Sasa Mbili alikuwa na siku ishirini na tisa bila kugusa hata moja, na kichwa chake kilikuwa kimevurugika kabisa.

Aliacha kwa ajili ya mjukuu. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia, kifua chake kikawa hakina nguvu, na daktari akakataza moshi usimkaribie, hata ule unaoganda kwenye nguo. Binti yake Mbili, ambaye tangu utotoni hakujua kuzungusha maneno, alimpigia simu akamwambia kwamba atamleta mtoto siku babu atakapotimiza mwezi mzima bila sigara. Asipotimiza, atamwona kwenye picha. Mbili alinuna siku mbili. Siku ya tatu akachagua mbao nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akaanza kumtengenezea mjukuu kitanda.

Akaenda pia zahanati. Muuguzi, mama mmoja mpole, alimpa daftari lenye safu tatu: saa ngapi, mahali gani, ulikuwa unafanya nini. Kila hamu ya sigara ikimshika, aandike. Akamweleza kwamba hamu yenyewe haina maisha marefu. Ukiivumilia dakika chache inapita.

"Na haikuvamii hovyo, baba," alisema. "Kuna kitu kinaiita. Kijue hicho."

Mbili alidhani anakijua. Hasira, na mawazo mengi. Si ndivyo wavutaji wote wanavyosema? Akajiweka tayari kwa ugomvi. Mteja mmoja akaja kumfokea mbele ya watu kwa sababu ya meza iliyochelewa, akafoka mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na Mbili akangoja hamu ije. Haikuja. Mkewe aliifunga kwa uzi mifuko ya kifuani ya mashati yake yote, alimozoea kuweka pakiti, wakarushiana maneno nusu siku, na hapo pia haikuja. Ila kila akimaliza chai, vidole vyake vilipanda vyenyewe kifuani vikagonga uzi, na mkewe akacheka peke yake jikoni.

Halafu siku moja, akiwa na furaha zake, anapiga mluzi, akafungua kopo la gundi. Harufu ilipomfika tu, mate yakamjaa mdomoni na vidole vikapanda kifuani. Hakuwa na hasira na mtu. Hakuwa na wazo lolote baya. Aliandika "gundi" kwenye daftari, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Akifungua kurasa aliona gundi, gundi, chai, gundi, gundi. Akaona daftari linamdhihaki. Mlevi anaambiwa asipite njia ya kilabu, sawa, lakini seremala atapita njia gani asikutane na gundi?

Zaidi ya hapo, hakujua tena inakauka lini. Bila sigara, dakika tano zilimwelemea kama saa nzima, akawa anafungua vibanio mapema. Kigoda kikamvunjikia mwalimu mmoja mnene mbele ya darasa lake. Mguu wa kitanda cha mjukuu ukang'oka mara mbili, akaukwangua na kuuanza upya. Angeweza kuwauliza mafundi wenzake, lakini fundi wa miaka thelathini anaanzaje kuuliza swali la mwanafunzi? Aliona aibu.

Siku ya thelathini ikafika. Binti angekuja na mtoto saa kumi. Saa tisa na robo Mbili alipaka gundi mguu wa mwisho, akabana, na hamu ikamshika. Akatafuta penseli aandike. Nyuma ya kopo la misumari mkono wake ukagusa pakiti ya zamani iliyokunjamana. Ndani zilibaki sigara mbili.

Aliapa moyoni kwamba havuti. Angewasha moja tu, ailaze ukingoni mwa meza ijiunguze yenyewe, kisha ya pili, basi angalau mguu ungeshika. Hapo kosa liko wapi? Lakini sigara isiyovutwa ni mkaidi. Ilizima. Akaiwasha tena, ikazima tena. Mara ya tatu aliitia mdomoni ili ishike moto, akaupuliza moshi nje haraka, akailaza mezani na kuitazama. Alikuwa amevuta? Moshi ulifika kifuani au uliishia mdomoni? Alipozinduka alijikuta ameinama juu ya ile sigara, pua wazi.

Binti alifika mapema. Alisimama mlangoni, mtoto kifuani mwake, akanusa mara moja.

"Baba. Umevuta au hukuvuta?"

Mbili akaanza kueleza habari za gundi, za mguu, za sigara kuzima, maneno yakapandana. Mwishowe akainamisha kichwa.

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Binti akageuka akatoka. Mbili alihisi karakana yote imemwangukia. Alitumbukiza sigara zote mbili kwenye ndoo ya maji, akavua shati, akanawa mpaka viwikoni, akavaa koti safi la kazi. Kisha akaandika kwenye daftari yote yaliyotokea bila kujipendelea, hata kile cha kuinama. Alipotoka nje hakutegemea kumkuta mtu. Binti alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, kwenye kizingiti cha duka lililofungwa. Mbili akaliweka daftari chini, hatua kadhaa kutoka kwake, akarudi nyuma.

Binti alisoma ukurasa baada ya ukurasa, mkono mmoja ukimpapasa mtoto mgongoni.

"Kwani kwenye kopo la gundi pameandikwaje?" aliuliza.

Mbili hakuelewa. Akalileta. Lilikuwa limefunikwa na matone makavu ya miaka, kwa sababu kila likiisha alilijaza kutoka kwenye pipa la dukani. Binti alikwangua kwa ukucha mpaka maandishi yakatokea. Bana kwa dakika arobaini. Mbili aliyasoma mwenyewe mara mbili. Wala yeye wala fundi aliyemfundisha hawakuwahi kuyasoma. Akacheka, kisha akashindwa kukimaliza kicheko.

"Leo humbebi," binti alisema. "Leo ni siku ya kwanza tena. Lakini hizo arobaini tutakaa wote. Wewe kaa hapo hapo."

Wakakaa, binti na simu yake ya kuhesabu dakika, baba na koti lake, hatua nne katikati yao. Kwenye dakika ya kumi na mbili hamu ilirudi, kali, akaisema kwa sauti kama mtu anayeungama. Binti alifunua kitambaa kwenye uso wa mtoto na kumgeuza kidogo. Mbili aliona pua ndogo na ngumi iliyokunjwa chini ya kidevu. Aliona kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Akawa anahesabu kile kifua, na alipokumbuka kuitafuta hamu yake hakuiona, wala hakujua imeondoka saa ngapi.

Mguu ulishika. Binti alipoondoka aliliacha daftari kwenye kizingiti, na Mbili akalifungua ili aandike. Mstari ulikuwa umeshajazwa, kwa mwandiko usio wake. Saa tisa na dakika hamsini. Nje ya karakana. Alikuwa anamtazama mjukuu wake.